Nyama ya Upande Wangu

Nilipotoka hospitali nikiwa na figo la mama mwilini mwangu, nyumbani kwetu Mji wa Kale nilifanywa mgeni. Nilikuwa na miaka kumi. Nilitolewa sahani ya maua, ile iliyokuwa ikikaa kabatini kusubiri wakwe, nikapewa na bilauri yangu yenye kifuniko. Daktari alikuwa ameonya kwamba dawa za kulinda figo hupunguza nguvu ya mwili kupigana na maradhi, kwa hivyo nijihadhari. Mama akayashika hayo, akaongeza na yake.

Kabla ya kuugua nilikuwa nikila sinia moja na binamu zangu watatu wa nyumba ya juu. Adabu ya sinia ni kula mbele yako, na sisi adabu hiyo hatukuwa nayo. Yule mkubwa alikuwa mwizi hodari wa nyama. Ukigeuka tu kunywa maji, kipande chako kishahama. Nilikuwa nikimshtaki kila siku, na kila siku nikikaa ubavuni pake.

Sasa nilikaa mezani peke yangu nikiwasikia wakigombana mkekani. Nyama yangu ilikuwa nzima, ya moto, hakuna aliyeitaka. Dawa zilinivimbisha mashavu, na majirani wakija kunitazama husema, "Mashallah, amenawiri." Nilikuwa mpweke mpaka nikawachukia wale wa mkekani.

Siku moja kliniki, daktari alimwambia mama kwamba naweza kula na wenzangu, mradi mikono ioshwe vizuri na chakula kiwe kimetoka jikoni sasa hivi. Nilihesabu siku Idi ifike.

Siku ya Idi mama mwenyewe alishika birika, akatunawisha wote kwa sabuni, kisha akanawisha tena. Pilau ikaja. Nilichagua kipande kinono kuliko vyote, nikakisogeza mpakani, karibu kabisa na mkono wa binamu yangu mkubwa. Halafu nikageuka kunywa maji. Nikanywa polepole, bilauri nzima.

Nilipogeuka, nyama yangu ilikuwa pale pale. Kando yake kulikuwa na vipande viwili zaidi.

"Mbona hamuli?" nikauliza.

"Kula wewe, mpenzi," akasema yule binamu. "Sisi twala kila siku."

Hakuwahi kuniita mpenzi. Nikala vyote vitatu, kwa adabu, mbele yangu.