Nubia Ambayo Haikuanguka

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisimulia huanzia mbali kwanza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mchoraji wa ramani katika ofisi ya wahandisi hapa London, nikiishi chumba kimoja Tottenham. Kwetu ni Kibera, Nairobi. Mimi ni Mnubi wa Kibera, wa wale ambao babu zao walitolewa Sudani wakiwa askari wa Waingereza, na utumishi ulipokwisha wakaachwa pale msituni wajijengee. Nayasema haya mapema kwa sababu watu hulisikia jina la Nubi wakadhani sote ni wamoja. Sivyo. Wanubi wa Mto Nili wana lugha yao ya kale; Kinubi chetu sisi kilizaliwa kambini, kwa Kiarabu cha askari. Jina ni moja, safari ni mbili.

Basi kila Jumamosi nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Edgware Road, kwenye mkahawa alikopika rafiki yangu Idrisi. Yeye alikuwa Mnubi wa Nili hasa, wa upande wa Halfa, kaskazini mwa Sudani, na kijiji chao kilifunikwa na maji ya bwawa kubwa akiwa mtoto. Akimaliza zamu ya mchana tulikaa kona ya nyuma, chai mezani, tukiongea habari moja tu: Nubia, nchi ya wafalme wa kale wa Nili, ingesimama mpaka leo, ingekuwaje?

Usicheke. Ulikuwa mtamu mchezo ule. Idrisi aliuanza hivi: tuseme mfalme wa Dongola na jamaa zake hawakugombea kiti, tuseme hakuna aliyekimbilia Misri kuomba jeshi la kumpindua nduguye. Nami nikaendelea: ule mkataba wa amani na Misri, uliokwisha kuishi karne nyingi, ungeishi nyingine, ufalme wa kusini, Alwa, ungeungana na wa kaskazini, wapiga mishale wao waliosifika wangelinda mpaka, na bunduki zilipokuja wangejifunza bunduki. Tulibishana shule zifundishe kwa herufi gani, na makanisa na misikiti vikae vipi katika mtaa mmoja. Kuna wakati tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya mji mkuu, yeye akitaka Dongola ya kaskazini, mimi nikitaka Soba, mji wa wafalme wa Alwa. Wanaume wawili wazima hawasemezani kwa ajili ya mji mkuu wa nchi isiyokuwepo!

Kwa kuwa kuchora ndiyo kazi yangu, nikaanza kuichora nchi yenyewe. Karatasi pana kama shuka, wino wa rangi tatu. Nikaweka reli, bandari ya Bahari ya Shamu, hata chuo kikuu. Nikirudi kutoka kazini sikuwa na haja ya redio wala rafiki.

Ndipo ikaja barua kutoka nyumbani, wiki moja kabla ya Ramadhani. Maneno yalikuwa ya baba, mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu Mastura, maana macho ya baba yalikwisha kufifia. Mastura amepata nafasi chuo cha uuguzi, ilisema barua. Chuo kinataka kitambulisho, na huko kwenye vitambulisho wanataka karatasi ya kuonyesha ukoo wetu ulifikaje Kenya. "Tumeambiwa rejista za askari wa zamani zimehifadhiwa huko London. Nenda ukamtafute babu yangu, Farajallah. Masomo yanaanza baada ya Idi Kubwa. Tunakutegemea wewe."

Mwanangu, nilikwenda. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwamba nilikwenda. Niliomba ruhusa kazini, nikafika kwenye jumba la kumbukumbu, nikaketi. Lakini nilipoulizwa ninataka nini, nikataka ramani za wasafiri wa kale wa Mto Nili, nipate kunyoosha mpaka wangu wa kaskazini. Nilijiambia rejista za askari nitaziomba nikimaliza. Saa ya kufunga ikafika. Yule mama wa kaunta, mtu mpole, akaniuliza kama kuna kingine angenitayarishia kwa siku nyingine. Nikamwambia hapana, ahsante. Nilijipa methali ya wavivu, kawia ufike, nikasahau ile ya wenye njaa, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena tumbo lililokuwa likiumia halikuwa langu.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Idi Kubwa nayo ilipopita, ramani yangu ikakamilika, na Jumamosi ile nikaikunja nikaipeleka nyumbani kwa Idrisi. Alitaka mama yake aione. Mama huyu, Hajja Nafisa, alikuwa ameletwa London kutibiwa miguu. Hakujua Kiswahili, lakini Kiarabu chake na Kinubi changu vilifahamiana kwa kuchechemea.

Tuliitandaza kitandani pake. Aliinama karibu kabisa, akafuata mto kwa kidole, polepole, mpaka akafika kijijini kwake. Nilikuwa nimekiacha ukingoni, kikavu, kwa sababu katika Nubia yetu bwawa halikujengwa.

"Hapa," alisema. "Mlango wetu uliangalia mto. Tulikuwa tumepaka chokaa mwaka ule ule." Machozi yakamtoka, naye akayaacha tu. Idrisi akageuza uso dirishani. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna.

Kisha akaona karatasi nyingine imenasa katika mkunjo wa ramani. Ilikuwa barua ya baba. Nilikuwa nimeitumia kufunikia wino usichafuke.

"Na hii?"

Nikamweleza. Sikuona haya bado, nilimweleza kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Imekuja lini?"

"Kabla ya Ramadhani, Mama Hajja."

Aliikunjua barua, akailaza juu ya ramani. Kisha akauliza kwa upole, kama anayetaka kujifunza: "Katika nchi hii yako, Waingereza walikuja kuchukua askari?"

"Hapana. Nubia ina nguvu. Hawakuthubutu."

"Basi babu yake baba yako hakupelekwa Kenya."

"Hakupelekwa."

"Wazee wako wakaoa wapi? Baba yako alimpata wapi mama yako?"

Nikaanza kuikunja ramani, akaizuia kwa kiganja.

"Na huyu binti aliyeandika barua kwa mkono wake, yuko mji gani humu? Niwekee kidole nyumbani kwake."

Kidole changu, mwanangu, kilizunguka juu ya karatasi ile pana, kikakosa pa kutua.

Hajja hakunigombeza kwa sauti. Alinishika mkono, akanikalisha kando yake. "Siku ya kuhama," akasema, "kaka yangu alikaa juu ya ukuta tangu alfajiri. Lau serikali ingekataa, lau mto ungerudi nyuma. Alisema maneno mazuri, watu wakalia. Lakini mama yetu alikuwa mgonjwa, na mwenye mgongo wa kumbeba mpaka kwenye treni alikuwa yeye. Tukambeba sisi wanawake. Sikukatazi kuota. Nani angenikataza mimi kuota kijiji changu? Lakini aliye hai anatangulia. Nenda, mwanangu. Hii ramani niachie. Mimi nimeshazeeka, nina ruhusa."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwenye jumba la kumbukumbu kabla hawajafungua. Siku tatu niligeuza kurasa za rejista, mpaka nikamkuta, jina limeandikwa kombo, "Faragala", na kando yake alama ya kidole gumba. Niliweka gumba langu juu ya lake, nikabaki hivyo mpaka mama wa kaunta akaja kuniuliza kama niko salama. Nikapewa nakala yenye mhuri, nikaituma siku ile ile.

Jibu aliandika Mastura, kwa maneno yake mwenyewe safari hii. "Kaka, karatasi imefika, Mungu akulipe. Chuo kimeshaanza, nafasi yangu amepewa mwingine. Usijisumbue sana moyo. Baba analala nayo chini ya mto."

Angenitukana, ningepumua. Majuto ni mjukuu, na wangu alikua haraka. Karatasi ile ilisaidia sana baadaye. Binamu zetu wengi walipata vitambulisho kwa hiyo. Lakini Mastura hakupata kuwa muuguzi. Mwaka uliofuata baba aliugua, akabaki kumtunza, akajifunza ushonaji akiwa nyumbani. Ni fundi mzuri. Amesomesha watoto watatu kwa cherehani. Hata hivyo, nikimwona anavyomfunga mgonjwa bandeji, najua nilichomwibia.

Nilirudi nyumbani kwa likizo baada ya miaka minne. Jioni ya kwanza tulikaa uani, mimi na yeye, na hotuba yangu ya kuomba radhi nimeikariri tangu uwanja wa ndege. Hakunipa nafasi ya kuianza.

"Kaka, nimesikia ulikuwa unachora nchi."

"Ndiyo."

"Kubwa?"

"Kubwa. Ina reli."

"Na mimi humo nilikuwa nani?"

Nikamwambia kweli. "Hukuwemo, Mastura. Ingesimama nchi ile, wewe usingezaliwa."

Akafikiri. Kisha akacheka, kicheko cha mama yetu kabisa, akanipiga begani. "Basi afadhali ilianguka," akasema. "Kula, chakula kinapoa." Hotuba yangu ikanitoka yote kwa machozi, naye akanisogezea sahani.

Nawausia ninyi, hata mliozaliwa hapa, ambao nikiwasalimu kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiingereza nami nafurahi tu kwamba mmenielewa. Zisomeni falme za kale. Jueni Dongola, jueni Soba, ulizeni zingalisimamaje, kwani aliyenyang'anywa ana haki ya kuuliza. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wa kwenu akikuandikia ana shida, iwe ni barua au ujumbe wa simu, funga kitabu kwanza. Jambo dogo unaloweza kulitenda leo kwa ajili ya aliye hai lina uzito kuliko ufalme mzima uliokosa kuwa. Nami nilijifunza hayo kwa nafasi ya mtu mwingine, si yangu.

Mwenyezi Mungu akujaalie kumbukumbu ndefu na mguu mwepesi, mwanangu. Wanaokutegemea wasichoke kukungoja, na jina lako litajwe kwao kwa furaha. Amina.