Mheshimiwa Juu ya Pikapu Nyeupe

Koboko kuna watu ambao mpaka leo wananiita Mheshimiwa, na mimi sijawahi kugombea cheo chochote maishani mwangu (hata utunza hazina wa kikundi cha akina mama kanisani niliukataa). Wananicheka, na wana haki. Siku ile waliniona nimesimama juu ya magunia ya muhogo, nimebaki na sketi ya ndani, kichwa cheupe kwa vumbi la muhogo, nikipita katikati ya mji juu ya gari lisilo na dereva. Aibu hiyo nimeibeba vya kutosha. Leo naitua hapa, mcheke mmalize.

Mimi naitwa Candiru, wa Dadamu, hapo nje kidogo ya Arua. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikashika jembe, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu na hakuna hata mmoja aliyejua kuchemsha chai. Nimewalea kwa muhogo. Nanunua muhogo mkavu kwa wakulima wa kwetu, naupeleka Koboko, mji wa mpakani, ambako wafanyabiashara wa Sudan Kusini wanauchukua, na miaka yote hiyo faida ilikuwa inaishia kwa wenye magari ya kukodi. Ndipo tukakubaliana, sisi wanne, kuuza kiwanja cha Awindiri, kitu pekee alichotuachia baba, ili tununue pikapu ndogo yetu wenyewe.

"Dada akisema ndiyo, ni ndiyo," alisema Driciru, yule anayenifuata, na wale wawili wakaitikia kwa vichwa.

Mnaweza kudhani maneno hayo ni matamu. Mimi yaliniondolea usingizi, maana nikikosea gari, kiwanja kimekwenda, na hatuna baba mwingine wa kutuachia kingine.

Pikapu zilikuwa mbili. Ya kwanza nyeupe, ya dizeli, yenye kabini mbili, mali ya Bwana Alia wa pale Arua mjini, na ilikuwa inang'aa hivi kwamba kuku walikuwa wakijitazama kwenye mlango wake (msidhani natania, niliwaona). Ya pili nyekundu, ya petroli, kabini moja, fupi kama kiatu cha mtoto, mali ya Mama Keji, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyehamia Koboko, mwanamke mnene, mpole, anayeendesha akiwa na ndala. Alikuwa anaiuza kwa sababu biashara imekua na anataka lori. Moyo wangu, nisiwafiche, ulikuwa umeshaingia ndani ya ile nyeupe na kufunga mlango. Nilijiona mimi na wadogo zangu tumekaa ndani wote, hakuna anayepigwa na vumbi, tunashuka kanisani kama watu.

Lakini mafuta? Hapo ndipo kila mtu Arua ana lake la kusema. Fundi mmoja aliniambia dizeli inakula kidogo, mwingine akasema inakula kidogo mpaka siku pampu yake itakapoharibika, halafu itakula na wewe. Vijana wa boda boda wakasema kagari kadogo hunusa tu mafuta. Driciru akasoma kwenye simu yake kilomita kwa lita, lita kwa kilomita, mpaka kichwa kikaniuma. Na geji ya mafuta ya ile nyeupe ilikuwa imesimama kwenye "imejaa" mchana na jioni, gari lisilojua njaa.

"Basi," nikasema, "tutayapima wenyewe."

Nikapanga jaribio, na mpaka sasa nalionea fahari, lilikuwa jaribio zuri. Magari yote mawili yajazwe mafuta Arua mpaka shingoni. Yapakiwe magunia sawa ya muhogo. Yaende Koboko kwa mwendo mmoja. Kule yajazwe tena mpaka shingoni, na tutaona ni lipi limekunywa zaidi njiani. Wenye magari wote wawili walikubali. Mama Keji alicheka tu, akasema, "Binti, wewe iko na kichwa ya serikali."

Sasa, kwetu hakuna mtu anayejaza tangi bila kulitikisa gari. Tangi lina hewa ndani, unalitikisa, hewa inatoka, mafuta yanaingia tena, na ukiondoka bila kutikisa unajiona umeibiwa. Pale Arua magari yalikuwa bado matupu, kwa hiyo vijana wa kituo waliyashika huku na huku wakayatikisa kwa mikono, tukapakia magunia, tukaondoka. Njiani nilikuwa ndani ya ile nyeupe na Bwana Alia, na Driciru akapanda na Mama Keji nyuma yetu. Nilishangaa. Kila mlima nikageuka kuitazama ile nyekundu, nikidhani itabaki, na kila nikigeuka ipo, mgongo umeinama kwa mzigo, inapanda huku inalalamika kama mama mkwe, lakini inapanda.

Kituo tulichoingia Koboko kiko juu kidogo, na barabara kutoka hapo inateremka moja kwa moja mpaka sokoni. Ilikuwa siku ya soko. Bwana Alia akasimamisha gari kwenye pampu, akazima, akashuka na kusukumia jiwe chini ya tairi la mbele kwa mguu, hivi, kwa mazoea, kama mtu anavyofunga kifungo, kisha akaenda upande wa nyuma wa kituo kujisaidia. Nyuma yetu Mama Keji akabaki kwenye usukani wa ile nyekundu, akingoja zamu yake. Mhudumu akajaza dizeli mpaka ikatokeza mdomoni, akatoa bomba, akanitazama. Zamu ya kutikisa.

Mhudumu akashika upande, mimi na Driciru tukashika upande, tukasukuma. Gari limejaa magunia, halikusogea hata kope.

"Hii iko nzito kama deni," mhudumu akasema.

"Nitapanda juu niruke," nikasema.

"Dada, na hiyo kitenge?" Driciru akauliza. (Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha sikukuu, kipya, cha kujifunga, kwa sababu nilijua siku ile ninanunua gari.)

Nikapanda. Na hapa ndipo penyewe, rafiki zangu. Nikiwa juu nilichungulia mbele, nikaliona lile jiwe, na akili yangu ya darasa la sita ikaniambia: tairi hili limekalia ukingo wa jiwe, kwa hiyo gari limeinama, kwa hiyo tangi limeinama, kwa hiyo mafuta hayawezi kuwa sawasawa, na ile nyekundu itakapojazwa haitakuwa na jiwe. Hiyo si haki! Nikashuka. Nikalivuta jiwe, likagoma, nikalipiga teke kwa kisigino mpaka likatoka. Nikapanda tena, nimejaa haki tele, nikaanza kuruka.

Mruko wa kwanza, dizeli ikateremka, mhudumu akashangilia. Mruko wa pili, ikateremka tena. Mruko wa tatu nikaona pampu inarudi nyuma.

Ikanichukua muda kuelewa kwamba pampu haziendi popote.

Kitenge changu kilikuwa kimenasa kwenye ndoano ya nguzo ya kituo, nami nikaendelea na safari bila hicho. Gari likatoka kituoni polepole sana, kwa heshima, kama gari la harusi, likapinda lenyewe likaingia barabarani na kuanza kuteremka. Nyuma yangu Driciru alikuwa amenasua kitenge na anakimbia nacho mkononi.

"Dada, ruka!" Kisha, gari lilipoongeza mwendo, "Dada, usiruke!"

"Niruke au nisiruke?"

"Sijui!"

Ulikuwa wakati wa kampeni. Ninyi mnajua jinsi miji yetu inavyokuwa wakati huo: pikapu ikipita polepole na mtu amesimama nyuma, watu hawaulizi. Nikainua mikono miwili kuwaambia waondoke njiani, wao wakainua yao. Nikapiga kelele "Tokeni! Tokeni!" na mtu mmoja pembeni akajibu "Oyee!" Boda boda zikajipanga nyuma zikipiga honi. Driciru alikuwa anakuja nyuma yao akipeperusha kitenge, na baadaye niliambiwa wengi walidhani hiyo ndiyo bendera ya chama changu. Gunia moja likapasuka, vumbi la muhogo likaruka juu likanifunika mpaka kichwani, na mzee mmoja kwenye mlango wa duka akasema kwa sauti iliyonifikia vizuri kabisa:

"Huyu iko mwaminifu. Ingine inakujaga na suti. Huyu imekuja na sketi ya ndani."

Na kifuniko cha tangi kilikuwa wazi, kinaning'inia. Ile dizeli niliyotaka kuipima ilikuwa inarukia lami kila gari linapodunda.

Kisha nikaona mwisho wa mteremko, na kicheko chote kilichokuwa kimenizunguka nikakisikia kama kinatoka mbali. Chini kabisa, pale barabara inapoingia sokoni, wamama walikuwa wamekaa chini, wametandika vyungu vyao, migongo yao kwetu. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Nikaita, hawakugeuka. Nilimkumbuka mama yangu, nikakumbuka kiwanja, nikawaona wadogo zangu watatu wakielezwa kwamba dada yao ameua watu kwa gari ambalo hata si letu.

Ndipo ile nyekundu ikanipita.

Ilipita kwa kelele zote ilizonazo, magunia juu yake yakiyumba, na dirishani nikamwona Mama Keji, mkono mmoja kwenye usukani, hanitazami hata kidogo. Akaingia mbele yetu. Akapunguza mwendo kidogo, akapunguza tena, kama mtu anayerudi kinyumenyume kumpokea mtoto anayejifunza kutembea, mpaka nyeupe ikamgusa. Tuu! Bampa ya nyuma ikajikunja. Nikaanguka juu ya magunia. Nikasikia matairi yake yakilia, nikanusa mpira, nikahisi uzito wote, magari mawili, mizigo miwili, na mimi, ukimwegemea yule mfupi mwekundu, naye akakataa. Akatetemeka, akateleza kidogo, akakataa tena. Tukasimama.

Mbele ya bampa yake kulikuwa na chungu. Mama mwenye chungu akageuka, akaitazama pikapu nyekundu, akaitazama nyeupe, akanitazama mimi juu.

"Unauza bei gani hiyo muhogo?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Wale wa boda boda walikuwa wamezima, na mimi nilibaki nimekaa pale juu, nikiitazama ile pikapu fupi niliyoidharau kwa sababu haina viti vya kutosha. Ilikuwa bado inanguruma. Sijawahi kuona kitu kidogo kikishika kitu kikubwa namna ile.

Mama Keji akashuka na ndala zake, akaja, akaokota jiwe pembeni ya barabara, akaliweka chini ya tairi la ile nyeupe. Kisha akanitazama.

"Mutu anaruka juu ya gari bila kuangalia iko nini chini," akasema. "Vaa nguo, binti."

Driciru alikuwa amefika, anahema, akanifunga kitenge pale pale mbele ya soko zima kama alivyokuwa akifungwa na mimi alipokuwa mdogo.

Bwana Alia alifika mwisho, suruali bado anaifunga. Watu wakamzunguka wakimuuliza kuhusu breki ya mkono, naye akakiri kwamba haijashika tangu zamani. "Mimi ninaamini jiwe," akasema. Halafu (mtu huyu mimi namwogopa) akanivuta pembeni na kusema, "Lakini dada, umeona mwenyewe. Imefika sokoni bila kunywa kitu!"

Jaribio langu likafia hapo. Nyeupe ilikuwa imemwaga dizeli yake barabarani, nyekundu ilikuwa imechoma petroli kwa kunikimbiza, na mpaka kesho hakuna mtu atakayejua kati ya hizo mbili ni ipi ilikuwa inakula kidogo kati ya Arua na Koboko. Driciru akaniuliza tu, "Dada, ni ndiyo au hapana?" Nikaonyesha nyekundu kwa kidole.

"Nilijua," akasema. "Inafanana na wewe. Haina redio, ina kelele nyingi, lakini haitoki ilipokaa."

Bampa Mama Keji alitaka kuinyoosha kabla ya kutukabidhi. Nikamwambia aiache hivyo hivyo, na mpaka leo imejikunja.

Nimeapa tangu siku ile: sitapanda juu ya gari lolote kabla ya kuzunguka matairi yote na kujua linashikwa na nini, na sitaondoa tena kilichowekwa na mwenzangu kabla sijamwuliza kwa nini amekiweka. Nikipita sokoni, mama wa vyungu huinua mkono. "Mheshimiwa!" Nami napiga honi, nifanyeje.

Na wanunuzi wa magari wakija kuniuliza, maana sasa naonekana mtaalamu, pikapu yako inakula kiasi gani, ninawajibu kwamba inakula inavyokula. Halafu nawapeleka nyuma, nawaonyesha ile bampa, nawaambia waulize kwanza gari linavyosimama.