Riziki na Njuga za Waingereza

Nilipokuwa mtoto, darasa la sita, niliuliza swali ambalo hakuna aliyenijibu: kwa nini njuga za Mwingereza ziitwe utamaduni, na za kwetu ziitwe ushetani? Mwalimu wa muziki alikohoa, akageukia ubao.

Alikuwa akitufundisha ngoma ya vijijini Uingereza kwa ajili ya tamasha la shule. Wachezaji sita, nguo nyeupe, njuga zimefungwa chini ya magoti, hanchifu nyeupe kila mkono. Unaruka, unapunga, unapishana na mwenzako. Riziki, jirani yetu wa Mji wa Kale, ndiye aliyeongoza mstari. Mimi nilikuwa wa akiba.

Siku Riziki alipopita kwetu na njuga zake, bibi yangu aliacha kukuna nazi.

"Na njuga hizo, mwamwita pepo gani?"

"Ni ngoma ya Wazungu, bibi," Riziki akasema, akicheka.

"Pepo hana haja ya pasipoti, mwanangu. Njuga na kitambaa cheupe, bila ubani, bila ruhusa? Mtu ataanguka."

Akaanguka. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, uwanjani, tukifanya mazoezi. Riziki alipiga magoti, kisha akalala chali akitetemeka, njuga zikilia. Wenzetu wakatimua mbio. Mwalimu mkuu alipofika na walimu watatu, neno lake la kwanza lilikuwa: "Huyu si mtoto wa yule mama wa ngoma za pepo?"

Ndiye. Mamake alikuwa akiwapungia wagonjwa pepo, akiwaita hao pepo kwa njuga na ubani, na mtaa mzima ulijua. Kesi ikaishia hapo. Riziki alitolewa kikundini kwa kuleta ushetani shuleni. Njuga hazikutolewa. Nilivishwa mimi.

"Nawe utaenda?" bibi aliniuliza.

Nilizifunga njuga. Nilikitaka mno kile kijukwaa. Tamashani tulishika nafasi ya pili.

Chuoni, ambako sasa napigiwa makofi kwa kubishana kwenye midahalo, nimesoma habari za ngoma ile. Wako wasemao kwamba huko kwao njuga zilivaliwa kufukuza pepo wabaya na kuiamsha ardhi baada ya baridi. Haya basi! Wenzetu wafukuza, sisi twaita, na shule ikaona moja ni sanaa na nyingine ni aibu. Kama lile lilikuwa pepo au jua, sijui, wala sibishani na bibi. Alisema mtu ataanguka, akaanguka. Ninachobisha ni hiki: watu wazima wanne walisimama juu ya mtoto wakijadili ukoo wake, na hakuna aliyeleta maji.

Riziki sasa ana duka la nguo karibu na Feri. Nilipokwenda kumwona, akaanza yeye.

"Wewe ulicheza kama mwenye mchanga viatuni. Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Getini, siku ya tamasha. Nilisimama mpaka mwisho."

Kwa hiyo, wewe unayenisoma, uwe mwalimu au mpita njia tu: mtoto akianguka mbele yako, mwinue, umpe maji. Habari za mamake utauliza baadaye.