Katibu Kutoka Kitaluni

Epifania alikuwa mtu wa Mwazye, na mpaka anatimiza miaka thelathini hakuwahi kudhani kwamba siku moja angekaa meza moja na Bwana Misitu na kumkatalia jambo. Alikuja kwenye shamba la miti la serikali, mlimani juu ya Sumbawanga, baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na mwanawe mdogo, Flavian. Akapewa kazi kitaluni: kujaza udongo kwenye viriba vya kuoteshea, kupanda mbegu za misindano, kumwagilia miche. Asubuhi za Juni maji yalikuwa ya baridi hata vidole vikakataa kukunjika. Wanawake wenzake tisa waliimba Kifipa ili mikono isahau.

Mwaka 1973 tawi la NUTA, chama cha wafanyakazi, lilipofunguliwa pale shambani, ikachaguliwa kamati ya watu watano. Epifania aliingia kwa sababu masista walikuwa wamemfundisha kusoma na kuandika, na kamati ilitaka katibu. Aliyepinga waziwazi ni Clemens, mkata miti mwenye mabega mapana na maneno machache.

"Kamati ni ya watu wanaohatarisha maisha," alisema mbele ya wote. "Siyo ya wajaza udongo."

Watu walicheka. Epifania hakucheka, na kwa mwaka mzima hakumsalimia Clemens ila pale asipoweza kumkwepa.

Agosti iliyofuata ulivuma upepo mkali. Clemens aliamriwa kuangusha mti mkubwa juu ya korongo. Aliuzunguka, akatazama bondeni, akaweka msumeno chini. Mnyapara alifoka mpaka sauti ikamkauka. Clemens hakujibu neno. Kesho yake Bwana Misitu akaandika barua ya kumfukuza kazi kwa kukaidi amri, kisha akaiita kamati, maana sheria ilitaka isikilizwe kwanza.

"Ni jambo dogo," alisema. "Andika, Ndugu Katibu, kwamba kamati imekubali."

Wanaume wanne walitazama chini. Mwenyekiti Andwele, karani aliyetoka Mbeya, alikuwa na watoto sita na aliishi nyumba ya kazini. Epifania alishika kalamu. Alijua kwamba mstari mmoja tu ungetosha kumwondolea mtu aliyemdharau.

"Clemens mwenyewe amesema nini?" aliuliza.

"Hajasema kitu. Ndilo kosa lenyewe."

"Basi naomba mpaka kesho, nikamuulize."

Alimkuta Clemens nje ya nyumba yake kambini, anafunga mizigo. Mkewe Dominika alikuwa akikunja mikeka, macho yamemvimba kwa kulia.

"Kwa nini ulikataa kuukata ule mti?" Epifania aliuliza.

Clemens aliendelea kukaza kamba. "Mlikuwa mnachota maji kule korongoni. Upepo ulikuwa unaelekea kwenu. Ule mti usingeanguka nilikotaka mimi."

"Mbona hukumwambia mnyapara?"

"Nilipofungua mdomo aliniambia nifunge. Nikafunga."

Epifania alikumbuka. Siku ile alikuwa korongoni na ndoo kichwani, na wenzake tisa nyuma yake.

Kesho yake aliwaeleza wanakamati. Bwana Misitu aliguna. "Mama, wewe ni mtu wa kitalu. Habari za kuangusha miti unazijulia wapi?"

"Sizijui," alisema Epifania. "Ninachojua ni mahali niliposimama. Sitaandika kwamba tumekubali."

Kisha Andwele akakohoa. "Mimi nami sitatia sahihi," alisema, na wale watatu wakaitikia mmoja mmoja.

Shauri lilishuka mjini kwa ofisa wa kazi. Baada ya wiki tatu Clemens alirudishwa kazini, na likatoka agizo kwamba filimbi ipigwe mara tatu kabla ya mti wowote kukatwa, na mkataji angoje mpaka walio bondeni wajibu.

Epifania hakusamehewa. Mwezi haukuisha akahamishiwa kibanda cha kulindia moto kileleni, yeye na mwanawe tu, mahali ambapo upepo ulipita kati ya mbao kama hakuna ukuta. Alikaa huko miaka miwili. Mara nyingine alilia, akajiuliza kama isingekuwa heri angenyamaza tu. Kila Jumamosi Clemens alipanda na mzigo wa kuni, akautua mlangoni, akaulizia afya yake na ya mwanawe Flavian, akashuka. Hawakuwa watu wa kuzungumza sana.

Uchaguzi wa kamati ulipofika tena mwaka 1976, Bwana Misitu yule alikuwa ameshahamishwa. Clemens ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Namtaja Mama Flavian," alisema, "awe mwenyekiti." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na arudishwe kitaluni. Kule juu kuna baridi."

Mikono ikanyooshwa, ya wanaume na ya wanawake.