Jina la Mtani

Ukimuuliza mtu yeyote Gongo la Mboto, upande ule wa Mzambarauni, nyumba ya Mzee Nassibu ni ipi, atakuonyesha kwa kidole na kuongeza bila kuulizwa, "Yule aliyeokolewaga vitani na Mzee Talha." Hata muuza maji aliyehamia juzi anajua hivyo. Nassibu naye alikuwa rubani. Alisomea urubani ng'ambo, akapigwa na baridi ya huko, akarudi Buguruni kwa wazazi wake na sare iliyonyooshwa pasi mpaka dada zake wakagombania nani aongozane naye sokoni. Lakini nani anakumbuka hayo? Mtu mzima wa miaka sabini na ushee, jina lake halisimami mpaka liegemezwe kwenye jina la mwenzake.

Kisa chenyewe kinajulikana, maana kimesimuliwa katika kila harusi na kila msiba wa mtaa ule. Wakati wa vita vya Uganda, Nassibu alikuwa akirusha ndege ndogo ya kupeleka dawa mstari wa mbele, yeye na mwenzake Marselino. Wakatunguliwa. Wakaangukia kwenye mafunjo ng'ambo ya mpaka, Marselino kateguka bega, Nassibu kavunjika mguu, na askari wa adui wanawasaka huku wakiitana. Helikopta ya kuwachukua ilikuja ikashindwa kutua, ikarudi, kwa sababu kilimani palikuwa na mzinga wa kutungulia ndege ukiisubiri. Hapo ndipo Talha, peke yake katika ndege ya kivita, alipoanza kupita chini chini mbele ya mzinga ule, anakwenda anarudi, ili wampige yeye. Wakampiga kweli. Bawa likatoboka, moshi ukafuka, naye akageuza akapita tena, mpaka helikopta ikaja tena ikashuka, ikawazoa wale wawili na kuondoka nao. Talha alivishwa nishani. Nassibu alipata kitanda hospitalini, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na kazi ya stoo jeshini hadi alipostaafu.

Sasa ukweli usemwe, na asiyetaka kuusikia azibe masikio: Nassibu alikuwa na wivu. Wivu hasa, wa kumkosesha mtu hamu ya chakula. Aliona wivu Talha akipewa kiti cha mbele shughulini, aliona wivu ndege zinaposhuka kuelekea uwanjani na watoto wa mtaa kukimbilia kwa Talha kuuliza ile ni ya aina gani, wakipita mlangoni kwake yeye kama vile ni ukuta. Alimwonea wivu hata yale matundu ya bawa. Na kubwa kuliko yote, hakuweza kumchukia. Utamchukiaje mtu ambaye ukihema tu anakudai shukrani? Hata wivu wenyewe aliuonea haya.

Kilichomstiri ni utani. Nassibu ni Mzaramo, Talha ni Mnyamwezi wa Urambo, na hao ni watani toka enzi za mababu, wanatukanana mpaka makaburini na hakuna wa kununa. Basi Nassibu aliuvisha wivu wake kanzu ya utani akatembea nao mchana kweupe. "Mpagazi huyu," angesema mbele za watu, akimkumbusha babu zake waliobeba mizigo ya misafara, "hakuja kuniokoa, alipotea njia." Watu hoi kwa kicheko, na Talha anacheka kuwazidi wote. "Mzaramo kaanguka na ndege ya serikali," angejibu, "angekuwa na hati yake angeiuza akachezea ngoma." Miaka ikaenda hivyo. Nassibu alisema yote yaliyokuwa moyoni mwake, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Kitu kimoja tu alimzidi Talha, nacho alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa na watoto. Talha na mkewe Munira, Mungu hakuwajalia.

Ndiyo maana binti yake Shamimu alipokuja kujifungulia kwa mama yake, na akapata mtoto wa kiume, Nassibu alitembea mtaani hata akasahau kuchechemea. Mtoto wa kwanza wa Shamimu alikwishachukua jina la upande wa baba, kwa kina mumewe Azzam, wale Waarabu wenye duka la vitambaa Buguruni. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya upande wa mama. Kwa desturi, jina lilikuwa la babu yake, na Nassibu alikuwa ameshaanza kumwita "somo" mtoto akiwa bado na siku mbili duniani.

Shamimu akamkalisha chini, mtoto yuko titini.

"Baba, mie na Azzam tumeongea. Tunataka tumwite Talha."

Nassibu akaivuta bakora yake karibu.

"Bila yeye wewe usingerudi, na mie nisingezaliwa, na huyu asingekuwepo. Halafu na yeye hana wa kumrithi jina. Tumeshawaambia. Mama Munira analia tangu jana kwa furaha."

"Mmeshawaambia," alisema Nassibu.

"Hujakasirika, baba?"

"Nikasirike nini? Mtoto wenu."

Mkewe Hamisa, aliyekuwa akikunja nepi pembeni, alimtazama mara moja tu akaendelea kukunja. Lakini Nassibu kifua kilikuwa kinamwaka. Kumbe hata hiki. Mtu yule alikuwa na nishani, alikuwa na kiti cha mbele, alikuwa na kisa chenyewe, na sasa anaingia mpaka ndani ya nyumba, anakalia kitanda cha uzazi, anachukua mjukuu. Atakuwa anaitwa uani hapa hapa, kutwa nzima, Talha njoo, Talha kula, Talha usimwage maji.

Kesho yake alichukua bakora yake akaenda. Talha alikuwa barazani kwake anamenya karanga, na Munira yuko ndani, cherehani inalia karibu na dirisha.

"Karibu, mtani. Umekuja kuomba karanga?"

"Sikuja kwa utani leo, Talha. Nimekuja kukuomba ulikatae lile jina."

Talha akainua uso.

"Zamu ni yangu," Nassibu alisema. "Umepata kila kitu. Mie popote ninapokaa ni mtu uliyemuokota wewe. Nakuonea wivu, nimekuonea wivu tangu siku ile. Niachie huyu mtoto."

Hapo sasa ndipo kanzu ile ya utani ilipomlipa. Talha alimtazama kidogo, halafu akaangua kicheko, kicheko cha kupiga mapaja, karanga zikamwagika sakafuni. "Munira! Njoo umsikie Mzaramo! Kakosa ngoma, kaja kunichezea mie." Munira akachungulia dirishani, naye anacheka, kipande cha kitambaa cheupe mkononi. Nassibu akasema tena kwamba hatanii. Wakacheka zaidi. Ungemwonea huruma, na ungesema pia kuwa kajitakia, maana mtu aliyepiga kelele za uongo umri wake wote, atawaambiaje watu kuwa hii sasa ndiyo ya kweli? Akarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa anatamani angalau wangemtukana.

Siku ya akika wageni walijaa mpaka barazani. Kina Azzam walikuja na manukato yao na vyetezo, mbuzi alikwishachinjwa, pilau linanukia mtaa mzima. Sheikh alikaa katikati, mtoto amenyolewa, amelazwa juu ya mto. Talha alikuwa mbele, bila shaka. Nassibu alikaa karibu na mlango, kanzu mpya imemkaa upande, anahesabu tasbihi bila kusoma kitu.

Sheikh aliposema sasa atajwe jina, Talha alinyanyuka, akamchukua mtoto pale juu ya mto, akamkumbatia.

"Huyu mtoto nimemkamata," alitangaza. "Mie ni mtani hapa. Hatoki mikononi mwangu mpaka nipewe haki yangu."

Kina Azzam wakatazamana. Wenyeji walikwishaanza kucheka, wanajua watani walivyo, wakikamata kitu shughulini hawakiachii bure. Mmoja akachomoa noti. Talha akaisukuma mbali.

"Fedha zenu sitaki. Wazaramo hawa wameuza viwanja vyote mpaka Pugu, sasa wanataka kuchukua na majina ya Wanyamwezi bure bure? Jina langu halitoki. Nimekataa. Mtoto wa Kizaramo aitwe Kizaramo. Aitwe Nassibu, ili akianguka mtini tujue karithi kwa nani."

Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Shamimu pekee hakucheka. Alikuwa mlangoni mwa chumba pamoja na Munira, na Munira alikuwa amejifunika ushungi mpaka machoni. Sheikh akatabasamu, akamgeukia babu wa mtoto.

"Mzee, mtani ameng'ang'ana. Tufanyeje?"

Nassibu alifungua mdomo. Alijua kuna maneno mawili matatu tu ambayo mtu mwungwana angeyasema pale ili jina libaki la Talha, na kila mmoja alikuwa anamsubiri ayaseme. Akasema, "Nassibu."

"Nassibu," sheikh akarudia, akaomba dua, watu wakaitikia amina.

Talha mwenyewe alimletea mtoto, akainama kumpakatisha. Alinukia karanga na ubani. Katikati ya vigelegele akamwambia sikioni, taratibu, bila utani wowote.

"Juzi nilikusikia, mtani. Nilicheka kwa ajili ya Munira, alikuwa dirishani. Sikutaka ajue ni wewe uliyelikataa jina."

Akainuka akaenda kula pilau na wenzake, na dakika chache baadaye alikuwa anamtukana mjomba wa Azzam, amejifunza mara moja kuwa naye anavumilia utani.

Wageni wakaja mmoja mmoja kumpa Nassibu mkono. Hongera, mzee, umepata somo. Lakini wakishageuka aliwasikia wanavyosema: umemwona Mzee Talha? Hana mtoto, na jina kapewa, na kaliacha. Ule ndio moyo. Kesho kisa hicho kingekuwa kimeshafika Ukonga, na wiki ijayo kingesimuliwa harusini, kisa kipya kabisa, na yeye Nassibu angekuwemo humo humo, pale pale alipokuwaga.

Shamimu akaja kumchukua mtoto akanyonye. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika.

"Haya, baba," alisema, akimvuta mtoto polepole kutoka mapajani mwake. "Kakuachia."