Waya Niliouchomoa, Zamu ya Dafroza

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka tisini na mbili. Nilikuwa msichana wa kufagia kwenye chuo kimoja hapa Kigali, nikachomoa waya ukutani ili nichemshe chai ya walimu. Waya wenyewe ulikuwa wa kompyuta. Kioo chake kilikuwa cheusi, nikasema hii imelala.

Kumbe haikulala, mwanangu. Wanafunzi wa kemia walikuwa na hiyo moja tu, wakiandikana zamu kwenye karatasi mlangoni. Mmoja wao, Dafroza, aliiachia hesabu za umuravumba, ile dawa yetu ya tumbo, ajue chembe zake zimeshikana vipi. Siku tatu mashini inahesabu! Na Jumatano alitakiwa kupeleka kazi yake, la sivyo arudie mwaka.

Akaingia, akabonyeza, akapiga kelele. "Yooo! Nani amezima?"

Wenzake wakamgeukia Fawusitini, mwenye zamu inayofuata. "Ni wewe! Kila saa uko hapa mlangoni unapumua kama mbuzi!"

"Mimi? Natoka nyumbani Kimisagara sasa hivi, muulizeni mama!"

Nami nimesimama na birika, mvuke unanipiga usoni. Niliogopa kufukuzwa. Mzee Karori, mtunza vifaa, akaangalia birika, akaangalia ukuta. Akaniambia polepole, "Binti, chai yako imeiva. Maneno yako yataiva lini?"

Nikasema. Waya nimeuchomoa mimi.

Dafroza alilia. Nilingoja Fawusitini anitukane. Yeye akaenda mlangoni, akafuta jina lake. "Chukua siku zangu." Mwingine akafuta lake. Hesabu ikaanza upya, na ule waya nikaulinda kuliko mshahara wangu. Jumanne jioni ikamaliza. Dafroza akaniita nione: vidoti vimeshikana kama shanga. Sikuelewa kitu, lakini nilijivuna kama nimehesabu mimi!

Sasa wewe umenuna eti kompyuta kubwa ya chuo mnagawana, zamu inachelewa. Rudisha hiyo midomo. Ukiharibu, sema kabla mwenzako hajabebeshwa lawama. Zamu yako ikiweza kumwokoa mtu, mpe. Na anayefagia chumba chenu, mweleze kinachofanyika humo. Mimi hakuna aliyenieleza.

Mungu akushike mkono, hesabu zako zifike mwisho. Zikifika, niletee picha niibandike sebuleni hapa Niboye, wageni waniulize, nami nijifanye naelewa.