Msaragambo Korongoni

Mkimwona Hedwiga akifagia pale stendi ya Same, mtasema huyu bibi mpole. Mpole kweli. Ila mwulizeni mkandarasi wa taka.

Yule bwana aliona dampo liko mbali, mafuta ya lori yanamwisha bure. Akaamuru taka za soko zimwagwe kwenye korongo nyuma ya nyumba zetu, zichomwe hapo hapo. Moshi wa plastiki ukaingia mpaka jikoni. Na wachomaji ni nani? Wafagiaji wenyewe, mikono mitupu, hawana mkataba. Mchana Hedwiga anachoma, jioni mjukuu wake anakohoa mpaka anatapika. Siku moja akaweka kiberiti chini. Wenzake nao wakaweka.

Habibu, msimamizi wao, akacheka. "Gomeni tu. Kesho naleta watu wa milimani."

Shamsa, anayefagia naye, akakata tamaa. "Shoga, kazi imekwenda hiyo. Mtu ana njaa, utamzuiaje?"

"Simzuii. Namwita."

Hedwiga kazaliwa Myamba, huko huko milimani, na sisi Wapare tuna msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, unaacha la kwako, unatoka na jembe kwenye kazi ya wote, iwe mfereji, iwe barabara. Ukijificha ndani, utakutana na watu kisimani, uwaambie nini? Lakini pembe mjini, jamani, nani aliwahi kuisikia?

Kesho yake asubuhi ikalia korongoni, anayeipuliza ni Hedwiga. Watu wakatoka na reki, makoleo, hata wenye bodaboda na wauza nyanya. Shamsa akaja na sufuria la uji. "Mimi si Mpare," akasema, "ila kifua ninacho, na moshi nauvuta."

Wakawa wanazoa, lori la Habibu likafika limejaa watu. Akatangulia kushuka Eliakunda, baba wa makamo kutoka Myamba.

"Shikamoo mama. Pembe ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Msaragambo. Tunalisafisha korongo, wasichome taka humu tena."

Eliakunda akageukia lori. "Shukeni. Ni msaragambo."

"Nimewaleta mchome!" Habibu akafoka.

"Nipite katikati ya msaragambo na kiberiti? Halafu Myamba nirudi na uso gani? Mama, nipe koleo."

Wakashuka wote. Habibu akabaki na dereva, na dereva naye anaunyemelea uji.

Sokoni taka zikakosa wa kuzizoa, zikafura, wenye vibanda wakampigia mkandarasi simu mpaka akaja mwenyewe, viatu vinang'aa. "Nazungumza na nani hapa?"

"Na sisi," wakajibu kwa pamoja.

Alitafuta mtu wa kumvuta pembeni, hakumpata. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekubali: taka ziende dampo, na kila mfagiaji apate mkataba, glavu na buti. Hedwiga akaongeza, "Na hawa wa Myamba unaowahitaji, uwaajiri hivyo hivyo."

Safari ya kwanza ya dampo Habibu alipakia kwa mikono yake. Hedwiga alikaa mbele na dereva, kiwiko dirishani, na Same nzima ikampigia vigelegele.